Kura Iliyotafunwa

Sijui kama haya yanastahili kuandikwa. Nimeishia darasa la saba, na insha zangu shuleni zilikuwa zikirudi na neno moja la mwalimu pembeni: Unazunguka. Nitajitahidi nisizunguke. Nikizunguka, mnisamehe, maana mambo yenyewe nayo yalizunguka kabla hayajanyooka.

Jambo lenyewe ni maji.

Kisima chetu hapa Isingiro kiko bondeni, chini ya vibanja vya migomba na kahawa. Ni chemchemi iliyojengewa ukuta wa mawe na kutolewa mabomba mawili. Wakati wa mvua hakuna anayegombana na mtu. Maji yanajimwaga yenyewe mpaka bata wananenepa. Kiangazi kikifika, bomba moja hukauka, na la pili hutoa maji membamba kama mkia wa panya. Hapo ndipo watu hujuana.

Kisima kina kamati ya watu saba. Tangu zamani tulikuwa tukiwachagua kwa kunyoosha mikono, na wao ndio hutunga sheria za kisima: nani achote saa ngapi, nani afagie, nani atozwe faini. Kwa udogo wetu, hilo ndilo bunge letu. Mwaka mmoja wa kiangazi kikali walitunga sheria kwamba wenye mashamba watachota kwanza asubuhi, na wasio na mashamba watafuata. Nataka niwatendee haki walioitunga. Wenye mashamba ndio waliotoa mawe na mchanga wakati wa kujenga ule ukuta, ndio waliopika chakula cha mafundi, na mmoja wao ndiye aliyetoa kile kipande cha ardhi. Kwa hiyo sheria ilikuwa na sababu. Mimi mwenyewe ni mke wa mwenye shamba. Ndoo zangu zilikuwa kwenye foleni ya kwanza, na sikumbuki siku hata moja niliyoziona nzito kwa ajili hiyo.

Wasio na mashamba wanakaa juu, kilimani, kwenye nyumba ndogo ndogo pembezoni mwa ardhi za watu. Ni vibarua. Wazazi wao wengi walivuka kutoka Burundi na Rwanda miaka mingi iliyopita. Wana kadi za mpiga kura kama sisi, wanasali na sisi, wanazika na sisi. Lakini mtu akikasirika huwaita watu wa kuja, hata kama aliyeitwa hivyo amezaliwa hapa hapa.

Huko juu alikaa bibi mmoja ambaye alikuwa akija kunisaidia kukata majani makavu ya migomba. Yeye aliletwa hapa mgongoni mwa mama yake. Alikuwa anamlea mjukuu wa kike, darasa la saba, mtoto mrefu, mkimya, anayependa hesabu. Magoti ya bibi yalikuwa hayawezi tena kile kilima, kwa hiyo mjukuu ndiye aliyeteka maji. Alishuka na ndoo yake mapema kuliko watu wote, kisha akasimama pembeni na kutusubiri sisi wenye mashamba tumalize. Tulipomaliza, wenzake walikuwa wameshaingia darasani. Alikuwa anafika shuleni kipindi cha kwanza kimekwisha, anafagia uwanja kama adhabu, kisha anakaa nyuma.

Siku moja bibi alikuja kibanjani kwangu, akafanya kazi muda mrefu. Kisha akasimamisha panga lake dogo kwenye shina la mgomba.

"Mtoto amesema haendi tena shule," akasema.

"Haendi kwa nini?"

"Anasema bora achelewe nyumbani, huko hakuna anayempigia kengele."

Nikamwambia pole.

"Asante, mwanangu," akasema. "Lakini pole haibebi ndoo."

Hakusema kwa ubaya. Alirudi kwenye majani yake. Mimi nilibaki nimeshika kikapu na sikujua nilikuwa nataka kutia nini ndani.

Mtu atauliza, mbona watu wa juu hawakumchagua mtu wao kwenye kamati? Walijaribu. Bibi mwenyewe aliwahi kusimama. Lakini kura ilikuwa ya mikono, na kibarua akinyoosha mkono, mwajiri wake yuko pale pale anatazama ni mkono wa nani. Mikono mingi ya watu wa juu siku ile iliishia mabegani, kama watu wanaojikuna. Na kila uchaguzi ulitanguliwa na rubisi. Kama hujui rubisi, ni pombe yetu ya ndizi, na ikitolewa bure inapanda kichwani haraka zaidi. Aliyetaka kura aliandaa mtungi. Nani wa juu angeandaa mtungi?

Basi muda wa kamati ukaisha, tukaitwa kuchagua nyingine. Wagombea wakubwa walikuwa wawili: mwenyekiti wa zamani, na shemeji yangu, yaani mdogo wa mume wangu, ambaye ananunua kahawa na kuikoboa. Kila mmoja alikuwa ameandaa mtungi wake. Mikono ikahesabiwa, upande mmoja ukashangilia. Ikahesabiwa tena, upande mwingine ukashangilia. Wakaanza kutajiana mambo ya marehemu. Mzee mmoja alivua kofia yake ili apigane, kisha akakosa wa kumshikia, akaivaa tena.

Sijui nini kilinisimamisha. Mimi si mtu wa kusema mikutanoni. Huwa napanga neno kichwani mpaka mkutano unaisha. Lakini siku ile nilisikia sauti yangu.

"Sisi kwenye kikundi chetu cha palizi hatupigi kura," nikasema. "Tunaokota."

Kikundi chetu ni cha wanawake. Tunapalilia vibanja vyetu kwa zamu, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Kila mtu anataka aanziwe yeye kabla majani hayajapanda, kwa hiyo tunaweka mahindi na maharage kwenye kikapu, mtu anaingiza mkono bila kutazama. Anayeokota hindi hupaliliwa mapema, anayeokota haragwe hungoja. Hatujawahi kununiana.

Watu wakacheka. Shemeji alicheka kuliko wote.

"Shemeji! Unataka tutungiwe sheria na bahati nasibu?"

"Hata sasa tunatungiwa na rubisi," mtu akajibu kutoka nyuma.

"Leo kamati ya maji," shemeji akaendelea, "kesho mtasema na wabunge nao tuwatingishe kikapuni!"

"Ukitingisha vizuri, huenda mmoja akadondoka huku kwetu tukamwona," akasema yule yule wa nyuma, na kicheko kikahamia upande wangu.

Lakini shemeji aliuliza swali moja zuri, na sitalificha kwa sababu tu alikuwa ananipinga. Aliuliza: na kura ikimwangukia mlevi? Ikimwangukia asiyejua kusoma? Ikimwangukia mjinga? Hata leo ninaloliita jibu si jibu hasa. Mama mkwe wangu, mama yake yeye na mume wangu, ndiye aliyejibu, bila kuinuka kwenye mkeka wake.

"Hao wote tumeshawahi kuwachagua," akasema.

Aliyenishangaza zaidi ni mwenyekiti wa zamani. Nilidhani atanifukuza mkutanoni. Alikaa kitako juu ya ndoo iliyopinduliwa, akapangusa uso.

"Mimi mmenichagua mara nyingi," akasema polepole. "Na sijawahi kujua kama mnanipenda mimi au mnapenda mtungi wangu. Nimechoka kupika pombe. Tuokote."

Ubishi uliobaki ulikuwa mmoja tu, nani aokote. Shemeji alisema wenye mashamba peke yao. Mwenyekiti akatikisa kichwa. "Anayekunywa maji haya, aokote." Tukakubaliana: watu wazima wote wanaochota kisimani, wa chini na wa juu, saba watakaopatikana watatunga sheria mpaka msimu ujao wa kahawa, kisha tutaokota upya, na asiyetaka kazi aseme, aokote mwingine.

Ila mwenyekiti alikataa mahindi na maharage. "Hayo ni mambo ya palizi," akasema. "Kisima ni jambo la heshima. Tutumie kahawa."

Hapo ndipo kosa lilipozaliwa, na hakuna aliyeliona, hata mimi.

Kwa wasiotoka huku nieleze kidogo. Sisi kahawa tunailima, tunaiuza, lakini ile ya heshima hatuinywi, tunaitafuna. Matunda huchumwa mabichi, huchemshwa na majani yenye harufu nzuri, huanikwa mpaka yanakuwa meusi na magumu. Mgeni akifika, kabla hujamuuliza habari ya safari, unamtolea. Unamimina kidogo kwenye kiganja chake, naye anatia mdomoni. Hakuna anayeshika kahawa ya mwenye nyumba mkononi na kuitazama, kana kwamba anatafuta sumu. Na ikiwa mbaya, humwambii. Unameza, unashukuru.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, tulikusanyika kwenye uwanja wa mwenyekiti wa kuanikia kahawa. Wakatoliki walitukuta sisi Walutheri tumeshafika, wakasema mchungaji wetu siku hizi anahubiri kwa mkato. Mwenyekiti alihesabu watu, akahesabu punje mbele yetu sote, kila kichwa punje yake, isizidi wala isipungue. Saba kati ya hizo binti yake alizipaka tone la rangi nyeupe ya kucha. Zikakauka juani. Zikaingia zote kwenye kibuyu chenye shingo nyembamba, hata kidole hakipiti. Punje ilikuwa lazima itingishwe idondoke yenyewe kwenye kiganja, hakuna kuchagua wala kupapasa.

"Nani atingishe?"

"Mwenye wazo," akasema shemeji. "Likiharibika, tujue pa kwenda."

Nikapewa kibuyu. Mikono ilikuwa inanitetemeka, na mume wangu akaninong'oneza kwamba angalau kwa kazi hii inafaa.

Tukaanza na wakubwa kwa umri. Waliosimama mbele walikuwa wawili, mama mkwe na bibi wa kilimani, na kila mmoja akasema mwenzake ndiye mkubwa.

"Tangulia wewe," akasema mama mkwe. "Mimi nilikuona tayari una meno wakati nanyonya."

"Wewe ndiye uliyenifundisha kutembea," akajibu bibi, na watu wakacheka, lakini akainuka, akaja kwangu kwa magoti yake yale, akakinga viganja viwili pamoja kama inavyotakiwa.

Nilimwamkia. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

Nikatingisha. Punje ikadondoka. Mimi, kwa mazoea tu, kwa ulimi uliofundishwa hivyo tangu utotoni kwetu Chonyonyo, nikamwambia: "Karibu kahawa."

"Asante," akasema bibi. Akaitia mdomoni.

Nilisikia ikivunjika. Kriki. Nadhani uwanja mzima ulisikia. Bibi alitafuna mara mbili tatu, akasimama, macho yakamtoka, mkono ukapanda mdomoni. Kisha, kwa kuwa hakuna mtu wa heshima anayetema kahawa mbele ya watu, akameza.

Sikumbuki nani alianza kucheka. Nakumbuka mwenyekiti aliangukia mkeka. Nakumbuka mama mmoja akisema, "Jamani, amekula serikali!" Nami nilikuwa nimekumbatia kibuyu, natamani ardhi inipokee, maana ni mimi niliyemkaribisha.

Shemeji hakucheka muda mrefu. "Haya, mmeona?" akasema. "Watu wa kuja hata kuokota hawajui. Aliyemeza amejitoa. Anayefuata!"

Wa juu wakaguna. Bibi alisimama pale pale, ameinamisha kichwa, na nyuma yake, nje ya uzio wa michongoma, nilimwona mjukuu wake amesimama na wenzake. Wenzake walikuwa wanacheka. Yeye hakucheka.

"Amejitoa kwa sheria ipi?" akauliza mwenyekiti akijipangusa machozi ya kicheko. "Tumeweka punje saba zenye alama. Tuendelee. Kila anayeokota aishike juu watu waione, na asiitie mdomoni hata kama ana njaa. Zikitokea zote saba, bibi hakupata kitu. Zikitokea sita, basi ya saba tunajua iliko."

Nawaambia kweli, sijawahi kuona watu wanatazama vitu vidogo kiasi kile. Kila punje ilipodondoka, mwenyewe aliinua kati ya vidole viwili, na shingo zote zikaenda pamoja. Ya kwanza yenye alama alipata fundi baiskeli. Ya pili mama anayeuza nyanya. Mama mkwe hakupata. Mwenyekiti naye hakupata, akashika ile punje tupu juu kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kisha akapumua kama mtu aliyetuliwa mzigo wa kuni. Nyingine ikaenda kwa kijana wa juu, kibarua, ambaye alikana kabisa kwamba ni yake mpaka wakamgeuzia kiganja. Kisha akaja shemeji. Alikinga mkono mmoja tu. Nikatingisha. Ikadondoka, ina tone jeupe katikati kama jicho la samaki.

"Ee!" wakasema watu. Shemeji akajaribu kukunja uso, lakini mdomo ulikataa, ukatabasamu wenyewe.

Mstari ukapungua. Ya tano. Ya sita. Kibuyu kikawa chepesi, nikawa nasikia punje zilizobaki zikikimbizana ndani. Kila tupu ilipotoka, wa juu walizidi kusogea karibu na kibuyu, na nikajua kwa nini, nikaogopa kufikiri zaidi. Mwisho sauti ndani ya kibuyu ikawa moja. Watu wote walikuwa wameshaokota isipokuwa mimi.

Hapo sasa nisiseme uongo. Kama punje yangu ingekuwa na alama, mimi ndiye ningeingia kwenye kamati, na bibi angekuwa ametafuna kahawa tu. Kama ingekuwa tupu, ya saba ilikuwa tumboni mwake. Nilimtaka bibi apate. Lakini kona moja ndogo ndani yangu ilisema, mbona na wewe usipate, kwani wazo si lako? Iliongea mara moja tu, lakini iliongea. Nimeandika hivyo na sijafuta.

Mume wangu alikishika kibuyu, mimi nikakinga viganja. Akatingisha. Ikagoma. Akatingisha tena. Ikadondoka.

Nyeusi. Nikaigeuza huku, nikaigeuza kule. Nyeusi, safi, haina kitu.

Nikaiinua juu, na watu wa juu wakapiga kelele ambayo sijawahi kuisikia ikitoka kwao, hata Krismasi. Vigelegele, makofi, mtu anapiga sufuria sijui aliitoa wapi.

"Ngojeni!" Shemeji alikuwa ameinua mikono. "Ngojeni kwanza! Mnajuaje kama hakuna aliyeficha? Hii haina ushahidi. Turudie upya, zote."

"Sawa," akasema mwenyekiti kwa upole. "Turudie. Leteni punje zote kibuyuni. Anza na yako."

Shemeji akatazama kiganja chake. Ile punje yenye jicho ilikuwa bado ipo, imeshikwa vizuri. Hakuirudisha. Watu wakaanza kuguna kwa kicheko, na yeye akaona anachekwa, akageukia neno lake la zamani.

"Mimi nasema tu, huyu ni mtu wa kuja. Hata desturi zetu..."

Hakumaliza, kwa sababu mama yake alikuwa ameinuka. Mama mkwe wangu hainuki ovyo. Alimwendea bibi, si mwanawe.

"Dada," akasema, "ile kahawa ilikuwaje?"

Bibi akaona aibu. "Nzuri tu."

"Niambie mimi."

"Siwezi kusema vibaya kahawa ya mtu nyumbani kwake."

"Mwenye nyumba anakuruhusu," akasema mwenyekiti.

Bibi akanong'ona, lakini wote tulisikia. "Ilikuwa na ladha kama ya mafuta ya taa. Nikadhani imewekwa karibu na kibatari."

Binti wa mwenyekiti akapiga kelele, "Ni rangi yangu ya kucha!" na hapo hata shemeji alicheka, ingawa alijaribu kukohoa.

Mama mkwe akamgeukia. "Mwanangu, mgeni asiye wa huku ukimpa kahawa ya kutafuna anafanyaje?"

Shemeji akaitazama punje yake.

"Anaishika mkononi. Anauliza hii ni nini. Umewaona wanunuzi wako wanaotoka mbali wanavyoigeuzageuza. Huyu aliambiwa karibu, akatia mdomoni bila kuuliza. Akakuta ina mafuta ya taa, akameza, akasema asante. Sasa niambie, kati yako na yeye ni nani aliyelelewa vizuri hapa kwetu?"

"Waitu," akasema shemeji, neno letu la kumheshimu mkubwa, na kwa mama yake hakuwa na lingine. Kisha akaona watu wanamtazama, akaenda akamshika bibi mkono. "Hongera, bibi. Lakini kwenye kikao usile karatasi zetu."

"Ukileta zilizopikwa vizuri nitakula," akasema bibi. Akajigonga tumbo. "Na muwe na adabu, kiti changu kiko huku ndani."

Kikao cha kwanza cha wale saba kilifanyika kisimani, wamekaa juu ya ule ukuta wa mawe. Sisi wengine tulisimama mbali kidogo, tukijifanya tunaosha ndoo. Nilikuwa na hofu mpya. Nilijiambia, kama watashindwa, kama watagombana, kama watanyamaziana tu kwa kuwa hakuna aliyewahi kusimama mbele ya watu, watasema ni mimi. Na kwa kweli mwanzoni walinyamaziana. Fundi baiskeli alitazama miguu yake. Mama wa nyanya alisema yeye hajui kusema. Kisha bibi akaeleza habari ya mjukuu wake. Hakulalamika wala hakumlaumu mtu. Alieleza asubuhi moja tu, kuanzia ndoo inapotoka nyumbani mpaka mtoto anapokabidhiwa fagio.

Yule aliyetafuta njia ya kutokea alikuwa shemeji, na ni lazima niliandike hilo vizuri kama nilivyoandika ubishi wake. Alisema tatizo si nani ana shamba na nani hana. Tatizo ni kwamba wanafunzi na wanywesha ng'ombe wanakuja wakati mmoja. Mwenye ng'ombe anaweza kuchota jioni, mwenye mtihani hawezi. Nilishangaa. Labda mtu akiwa hatafuti kura anapata nafasi ya kufikiri. Labda alikuwa hivyo siku zote na sikumtazama vizuri. Sijui.

Wakatunga sheria fupi, na kijana kibarua aliyekana punje yake ndiye aliyetumwa kuitangaza: Asubuhi, mwenye sare ya shule anachota kwanza, awe wa chini au wa juu. Wengine wote ni kwa kuwahi. Shamba halisimami foleni.

Hayo maneno ya mwisho ni ya mama wa nyanya, yule asiyejua kusema.

Wenye mashamba wengine walinuna, na nawaelewa, maana mawe yalikuwa ya kwao kweli. Mwenyekiti wa zamani aliwapita nyumba kwa nyumba na kuwaomba wajaribu kwa kiangazi kimoja. Bado ni yeye anayezibua bomba likiziba, anaingia matope mpaka kiunoni, na anasema sasa anafanya kwa raha kwa kuwa hakuna anayedhani anatafuta kitu.

Watu wameniuliza kama ninaona na Bunge kubwa lingefanywa hivyo, watu wa kawaida waokotwe kutoka kila kona, mkulima, mshonaji, dereva. Mimi ni mtu wa ndoo mbili, sijui mambo makubwa. Kisima mtu anaweza kukizunguka kwa macho, nchi hawezi. Najua tu nilichokiona: watu saba ambao hakuna hata mmoja aliyepata kiti chake kwa pombe, nao wakamsikiliza bibi ambaye mikono yetu ilishindwa kumchagua.

Asubuhi ya kwanza ya sheria mpya nilishuka mapema, nikadhani nimewahi kuliko wote. Mjukuu alikuwa ameshafika, amevaa sare yake, viatu amevifunga shingoni visilowe. Kwa mazoea alisogea pembeni, akanipisha, akaniamkia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Unakwenda wapi? Rudi bombani."

Akanitazama, akatazama ndoo zangu.

"Rudi," nikasema. "Mimi sina sare."

Akaweka ndoo chini ya ule mkia wa panya. Maji yaliijaza taratibu, na nyuma yangu foleni ikaongezeka: mke wa shemeji, fundi baiskeli, mwenye ng'ombe akiguna bila kusema. Hakuna aliyempita. Ilipojaa akanisaidia kutega ya kwangu, nami nikamtwika yake, na akapanda kilima mgongo umenyooka, kama mtu aliyebeba tu kichwa chake mwenyewe. Ndoo yangu ilikuwa haijafika nusu nilipomwona akishuka tena kwa njia ya juu ya migomba, mikono mitupu, viatu miguuni, anakimbia.

Kengele ya shule ilipolia, niliinua macho kwa desturi kumtafuta kwenye foleni. Hakuwepo.